Michezo na babu inaishia vilio: tuwaachie watoto washinde?

Swali: "Tuna watoto wawili, wa kiume miaka 11 na wa kike miaka 6. Karibu kila mwezi tunakwenda kukaa siku mbili kwa wazazi wa mume wangu. Babu ana miaka 76, bibi 72. Nilidhani wakicheza pamoja ndiyo watazoeana, nikanunua ludo, drafti na karata. Kila tukienda ni kilio. Babu hamwachii mtoto hata mara moja, anasema dunia nayo haitamwachia. Mdogo akishindwa anamwaga kete na kukimbilia chumbani. Mkubwa anacheza mara moja kisha anarudi kwenye simu. Bibi anachelewa, anauliza sheria ileile mara tatu, na sasa mume wangu ameanza kumpima kimyakimya kwa mchezo wa kukumbuka jozi za karata, aone kama anasahau. Mimi narudi nyumbani nimechoka kuliko nilivyokwenda. Tuwaachie watoto washinde? Tuachane na michezo? Na hili la bibi, niogope?"

Jibu: Dada, umeniuliza mambo matatu ambayo yamechanganyikana kwa kuwa yote yanatokea kwenye meza moja. Kuna mtoto asiyeweza kushindwa, kuna babu asiyetaka kumwachia, na kuna bibi ambaye kasi yake imepungua. Ukiyatazama kwa mkupuo utadhani ni familia isiyopatana. Ukiyatenganisha, mawili ya kwanza ni ya kawaida sana na yanatengenezeka, tena bila kumbadilisha mtu tabia. La tatu linahitaji utulivu na macho makini, na nimeliweka mwisho ili nilipe nafasi yake.

Jibu fupi ni hili: msiache michezo, na msijifanye mnashindwa. Badilisheni masharti ya mchezo mpaka yeyote anayekaa mbele ya babu awe na nafasi ya kweli ya kumshinda. Ninavyoisoma barua yako, tatizo kubwa la familia yenu ni kwamba watu wanne wenye uwezo tofauti kabisa wanalazimishwa kuanzia mstari mmoja, halafu tunashangaa wanapokasirikiana.

Nianze na binti yako, maana naona yeye ndiye anayelaumiwa kupita kiasi. Mtu mzima akimwona mtoto wa miaka 6 anamwaga kete, neno la kwanza linalomjia ni kwamba mtoto amedekezwa. Mara nyingi sivyo. Kushindwa bila kulipuka ni kazi nzito: mtoto anatakiwa akumbuke sheria, auzuie mkono wake usifanye kile moyo unachotaka, na aikubali picha mpya ya mwisho wa mchezo badala ya ile aliyokwisha kuichora kichwani. Kazi hizo hutegemea sana sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ambayo huchukua zaidi ya miaka 20 kukomaa. Wake una miaka 6.

Mwanasaikolojia wa Uswisi Jean Piaget, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1932, alikaa na watoto waliokuwa wakicheza gololi akiwauliza sheria zao ni zipi na zilitoka wapi. Wale wadogo, kabla ya kama miaka 7, walicheza kila mmoja kivyake hata walipokuwa wamekaa pamoja, na hawakuona ajabu yoyote wote wakitangaza kwamba wameshinda. Walipofika miaka 7 au 8 ndipo walipoanza kushindana kwa sheria moja inayowafunga wote. Kwenye miaka 11 au 12 walizijua sheria kwa undani na walipenda kuzijadili, kama mawakili. Sasa watazame wanao. Mdogo yuko kwenye kizingiti: anajua kuna kushinda na kushindwa, linamuuma, lakini bado hana pa kuyaweka maumivu hayo. Kaka yake ameshavuka. Kuwategemea wafanane kwa sababu wanacheza mchezo mmoja ni kumwonea mdogo.

Safari ijayo, mtazame yeye badala ya kulitazama bao. Mlipuko hauanzi kete zinapomwagika, huanza dakika kadhaa kabla. Atapiga magoti kwenye kiti badala ya kukaa. Sauti itapanda. Atauliza "nani anaongoza?" wakati anaona kabisa nani anaongoza. Atatupa dadu kwa nguvu mpaka lianguke chini, halafu atadai hilo lisihesabiwe. Mkono wake utaanza kuzilinda kete zake kama mtu anayeziba taa isizimwe na upepo. Hapo ndipo pa kuingilia, na kuingilia kwenyewe kusiwe mahubiri. Mwombe akuletee maji. Mwambie babu mapumziko ya dakika 5. Mtoto akirudi, mwili umeshapoa kidogo na mchezo unaweza kuendelea pale ulipokuwa.

Ikiwa mmechelewa na kete zimeshamwagika, mchezo umekwisha kwa sasa. Aliyemwaga ataokota akishatulia, na mtu mmoja tu ndiye akae karibu naye. Msimfuate chumbani watu watatu, kila mmoja na nasaha zake. Maneno machache yanatosha: "Imekuuma. Ulikuwa karibu kufika." Usimwambie kwamba ni mchezo tu. Kwake si mchezo tu, na ukimwambia hivyo anaelewa kwamba hujaona kilichompata.

Sasa hili la kuwaachia washinde. Kwa mtoto wa miaka 3 sina ugomvi nalo, maana kwake kusukuma kete ndiyo raha yenyewe. Kwa wa miaka 6 ni tofauti. Mara kadhaa atafurahi, halafu siku moja atakugundua, kwa sababu watu wazima ni waigizaji wabaya: tunajifanya hatukuona kete iliyo wazi mbele ya macho yetu, tunashangaa kwa sauti kubwa mno. Siku hiyo atatilia shaka hata ushindi alioupata kihalali. Na kwa muda wote ambao hakukugundua alikuwa akijifunza kwamba mbinu zake mbovu zinafanya kazi.

Hata hivyo babu naye ana nusu ya haki tu. Yuko sahihi kwamba kuigiza ni kumdanganya mtoto. Amekosea anapodhani kwamba kumpiga mtoto mara kumi kwa kumi kunamkomaza. Mtoto anayeshindwa kila mara hajifunzi kushindwa. Anajifunza kwamba alichofanya na ambacho hakufanya vyote vinaishia palepale, hivyo hakuna haja ya kufikiri. Ili kushindwa kumfundishe kitu, lazima awe na sababu ya kuamini kwamba angecheza vingine angeshinda. Hata kwenye ndondi, mabondia hupimwa uzito kabla ya kupanda ulingoni, na hakuna anayesema kwamba bondia mwepesi ameonewa huruma.

Kwa hiyo mpimeni babu uzito. Kwenye drafti ya kawaida kila mchezaji ana kete 12. Babu aanze na 7, mjukuu aanze na zote 12. Kisha wekeni kanuni moja inayojirekebisha yenyewe: babu akishinda, mchezo unaofuata anaanza na kete moja pungufu, akishindwa, anarudishiwa moja. Baada ya michezo kadhaa mtafika kwenye idadi ambayo hakuna anayejua nani atashinda, na hapo ndipo mchezo unapoanza kunoga. Faida yake kubwa ni kwamba babu anacheza kwa nguvu zake zote. Hamwachii mtu kitu, na msimamo wake haujaguswa. Mtoto naye ana kipimo anachoweza kukishika mkononi: safari iliyopita nilimshinda babu akiwa na 6, sasa anahitaji 8. Hayo ni maendeleo ambayo hata babu atayasimulia kwa majigambo, utaona.

Kwenye sataranji mwenye nguvu aondoe malkia wake au ngome. Kwenye michezo ya maneno mkubwa apewe nusu ya muda. Mahali ambapo hamwezi kupunguza kitu, mpeni mdogo haki ya kurudisha hatua mbili kwa kila mchezo. Sharti pekee ni kwamba makubaliano yafanywe kabla ya kuanza na yatangazwe wazi mbele ya wote. Mkianza kumhurumia katikati ya mchezo mmesharudi kwenye maigizo.

Nani amwambie babu? Mumeo, na si wewe. Wale ni wazazi wake, na neno hilohilo kutoka kwa mkwe litasikika kama lawama. Amwambie faraghani, kabla watoto hawajakaa mezani, na amwombe kama mwalimu: "Baba, nataka ajifunze kukushinda kihalali. Unaonaje tukikupunguzia kete?" Wazee wengi wanaokataa kumwachia mtoto hukubali changamoto hiyo haraka, kwa sababu inawapa sifa badala ya kuwanyang'anya. Akikataa kabisa, msigombane. Mpeni mjukuu mkubwa ndiye acheze naye drafti, na mdogo apangwe naye kwenye mchezo wa aina nyingine.

Kuhusu aina za michezo nina maoni makali kidogo. Nyoka na ngazi inadharauliwa na watu wazima, lakini ndiyo yenye haki kuliko yote: hakuna uamuzi hata mmoja, dadu ndilo linalopanga kila kitu, kwa hiyo mwenye miaka 6 na mwenye miaka 76 wako sawa kabisa. Ni mahali pazuri pa kuanza kujifunza kushindwa kwa sababu hakuna wa kulaumiwa. Ubaya wake ni kwamba huweza kuvuta bila mwisho. Chezeni na madadu mawili ili uishe mapema.

Ludo ina bahati na ina uamuzi kidogo, na kwa nje inaonekana ni ya watoto. Mimi siipendi kwa mtoto anayelipuka, hasa ikichezwa kila mtu peke yake. Kuona kete yako iliyozunguka bao zima inarudishwa mwanzo, tena na mtu unayempenda anayecheka, ni pigo zito kuliko kushindwa kwenyewe. Ila ludo hiyohiyo ina dawa ndani yake: wachezaji wanne wanaweza kuwa timu mbili, wanaotazamana wakawa wenza. Mpange binti yako na babu, kaka yake na bibi. Ghafla yule babu aliyekuwa adui ndiye anayemnong'oneza asogeze kete ipi, na wakishindwa wanashindwa wawili. Kama mtachukua pendekezo moja tu kutoka kwenye barua hii, chukueni hili. Nimeona wajukuu wakimzoea babu ndani ya saa moja kwa sababu tu walihamishwa upande wa meza.

Kuna pia michezo ambayo kila mtu yuko upande mmoja: picha ya vipande ya kuunganisha, au kujenga mnara wa karata kuona utafika ghorofa ngapi kabla haujaporomoka. Na kuna ile ambayo umri ni faida. Maarifa yaliyokusanywa maisha yote, kama msamiati na mafumbo, hudumu vizuri hadi uzeeni kuliko kasi ya kufikiri, kwa hiyo vitendawili na michezo ya maneno humrudishia bibi kiti chake. Ninaoupenda zaidi hauhitaji kununua chochote: kila mtu anasimulia mambo matatu yaliyompata, mawili ya kweli na moja la uongo, wengine wanabahatisha lipi ni la uongo. Watoto hugundua kwamba babu aliwahi kuvunja mkono akishuka mtini au kufukuzwa darasani, na huwa hawataki mchezo uishe.

Muda ni nusu ya kazi. Msianze mkiwa mmetoka tu safarini, wala usiku mdogo akiwa ameshaanza kufikicha macho. Tangazeni mchezo wa mwisho kabla haujaanza, si baada ya mtu kushindwa. Dakika 20 zinazoishia watu wakitaka zaidi ni bora kuliko saa mbili. Na angalieni sifa mnazomwaga. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha majaribio na watoto wa darasa la tano: waliosifiwa kwa akili zao, walipokutana na kazi ngumu wakashindwa, walikata tamaa na kuacha kufurahia kuliko waliosifiwa kwa juhudi. Babu na bibi hupenda kusema "huyu ana akili huyu!" Wafundisheni kusema walichokiona: "Nilikuona ulivyosubiri, ungeweza kula ile kete mapema ukaiacha."

Kijana wa miaka 11 asiwasumbue sana. Kukaa mezani kucheza kwa kasi ya mdogo wake kunachosha kweli. Mwachie kikao kimoja cha faragha na babu, drafti ya wakubwa, bila mdogo kuchungulia. Kwenye mchezo wa pamoja mpe kazi: awe mwamuzi, awe mgawaji wa karata, au atunge kanuni mpya. Kisha aruhusiwe kuondoka. Simu ziwekwe kando wakati wa mchezo, na hapo naongelea za watu wazima pia, maana huwa ndizo zinazoita.

Na wewe, dada. Kwa maelezo yako wewe ndiye mwamuzi, mtafsiri wa sheria, mbembelezaji na mtunza ratiba. Si ajabu unarudi umechoka. Jaribu kuondoka mezani. Nenda kalale, nenda katembee. Babu na wajukuu hupatana kwa namna yao pale mzazi anapoacha kukaa katikati akirekebisha kila neno, na kama patatokea kilio, baba yao yupo. Halafu ondoa dhana kwamba ziara nzuri lazima iwe na michezo. Bibi akikunja nguo huku mjukuu akichora pembeni yake, wote kimya, hiyo nayo ni ziara. Mchezo mmoja kwa siku unatosha.

Kitu kimoja nje ya swali lako: angalia dawa za wazee ziko wapi. Nyumba isiyo na watoto huacha vidonge mezani au kwenye mkoba wazi, na mtoto wa miaka 6 huvidhania peremende. Na kama mchezo wowote una betri ndogo za duara kama kifungo, hakikisha kifuniko chake kimefungwa kwa skrubu. Mtoto akimeza betri hiyo, mkimbizeni hospitali palepale bila kusubiri dalili, kwa sababu huunguza koo ndani ya saa chache.

Mtoto naye kuna wakati anahitaji kuonwa na mtaalamu. Milipuko ya kwenye michezo peke yake, kwa umri wa miaka 6, haitoshi kunitia wasiwasi. Ningetaka aonwe na daktari wa watoto au mwanasaikolojia ikiwa inatokea pia shuleni na kwenye mambo madogo ya kila siku, ikiwa anajiumiza au anaumiza wengine, ikiwa anasema hana maana au hataki kuwepo, au ikiwa akifika miaka 8 au 9 hali ni ileile au imezidi.

Sasa bibi. Kwanza nitetee nafasi yake, kisha niseme kinachonipa tahadhari. Fikiria mnachomfanyia: mchezo mpya, sheria kadhaa zinazotajwa haraka na mtoto mwenye sauti nyembamba, televisheni inanguruma, taa ni hafifu, watu wanamsubiri. Usikivu wa uzeeni hupotea kwanza kwenye sauti za juu, na sauti za watoto zimo humo, pamoja na herufi kama s, f na t zinazotofautisha neno na neno. Mtu huyo husikia kwamba unaongea, ila hajui umesema nini, na hasa penye kelele. Kumpigia kelele hakusaidii sana; kumkalia mbele na kuongea polepole kunasaidia. Macho nayo: mtu wa miaka 60 huingiza mwanga machoni kama theluthi moja tu ya kijana wa miaka 20, na lenzi inayogeuka ya manjano huifanya kete ya bluu ifanane na ya kijani. Kasi ya ubongo kuchakata mambo hupungua polepole kwa kila mmoja wetu tangu ujanani. Kujifunza sheria mpya kunachukua muda zaidi, ilhali ya zamani yamekaa.

Kwa hiyo kabla ya kufikiria ugonjwa, rekebisheni meza. Zimeni televisheni. Sogezeni taa. Chagueni kete za rangi zinazotofautiana wazi, na karata zenye namba kubwa. Sheria ziandikwe kwa herufi kubwa kwenye karatasi na ziwekwe katikati ya meza kwa ajili ya wote, ili asiwe yeye pekee anayeuliza. Vidole vikiwa vinauma, karata zisimamishwe kwenye kibao chenye mfereji. Kisha mwambieni achague yeye mchezo, ule aliokuwa akicheza zamani.

Mchezo huo wa zamani utakueleza mengi bila kumtega. Akiucheza vizuri huku akisumbuka na mipya, nafarijika. Akipotea kwenye mchezo alioucheza miaka mingi, akasahau zamu zinaendaje, hilo nalizingatia. Nazingatia pia akiuliza swali lilelile dakika chache baada ya kujibiwa na kusikia vizuri, akipotea njia anazozijua, akimeza dawa mara mbili au kuziruka, akishindwa hesabu za fedha alizokuwa akizimudu, akibadilika tabia au kujitenga. Muulizeni babu. Anayeishi naye ndiye shahidi bora, na mara nyingi ameshaona jambo akanyamaza.

Mumeo aache kumpima kisiri. Namwelewa, ni hofu ya mtoto kwa mama yake. Lakini mchezo wa jozi si kipimo cha ugonjwa. Wazima wengi huchemsha kwenye mchezo huo, na mtu anayehisi anachunguzwa hukosea zaidi. Na usidhani bibi hajagundua. Akishagundua, atakwepa meza kabisa, na mtapoteza yote mawili, mchezo na nafasi ya kuongea naye kwa uaminifu.

Nimeulizwa mara nyingi kama michezo yenyewe inakinga kusahau. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 na Joe Verghese na wenzake, uliofuatilia watu 469 wenye umri wa zaidi ya miaka 75 huko New York, ulikuta kwamba waliocheza michezo ya mezani, kusoma, kupiga ala za muziki au kucheza dansi walikuwa na uwezekano mdogo wa kupata ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Ila utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kwamba michezo ndiyo iliyowakinga. Huenda wale ambao ugonjwa ulikuwa umeanza kimyakimya ndio walioacha kucheza mapema. Acheze kwa sababu anafurahia, asigeuziwe mchezo kuwa dawa.

Baada ya kurekebisha meza, wapeni ziara mbili au tatu. Ikiwa bado mnaona nilizozitaja, aende kwa daktari bila kusubiri zaidi. Si kila usahaulifu ni ugonjwa usiotibika: tezi dundumio (ile iliyo shingoni) isiyofanya kazi vizuri, upungufu wa vitamini B12, sonona, dawa zinazogongana, hata masikio yaliyoziba huweza kumfanya mzee aonekane anapoteza kumbukumbu, na hayo yana tiba. Kuna hali mbili zisizongoja hata siku moja. Ya kwanza ni kuchanganyikiwa kunakoanza ghafla, ndani ya saa au siku chache, ambako mara nyingi husababishwa na maambukizi au dawa. Ya pili ni uso kupinda upande mmoja, mkono kulegea au maneno kuvurugika, hata kama hali itarudi sawa baada ya muda mfupi. Hiyo ni dalili ya kiharusi.

Mumeo amwambie mama yake ukweli, faraghani: "Mama, nimeona unapata shida kusikia na kufuata mambo mapya, nataka tukapime pamoja." Aanzie kwenye masikio na macho, ambako hakuna aibu. Siku ya daktari mumeo na babu waende na bibi, wabebe dawa zote anazotumia pamoja na za asili na za kununua bila cheti, na waandike mifano mitatu au minne ya walichokiona, kila mmoja na tarehe yake. Bibi aongee kwanza. Wao waongezee akimaliza.